Mgonjwa wa figo Kobero: Mashine iko mbali, safari haina mwisho

MALORI yalikuwa yamepanga foleni ndefu nilipofika Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, nikitokea Kabanga wilayani Ngara. Sikufuata habari za forodha. Nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyezoea kuuza maharage pande zote mbili za mpaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae, ila mimi msiniletee chai. Maji yangu ya leo nimekwisha kunywa."

Nilidhani ananitania. Kumbe figo zake zimeshindwa kazi, na daktari amempimia hata maji ya kunywa. Miguu imevimba, na usiku hulala ameegemea mto kwa sababu akilala chali pumzi humbana.

Ugonjwa sugu wa figo huja polepole, kwa miaka, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mzee alikuwa na shinikizo la damu. Alimeza dawa alipojisikia vibaya, akaacha alipopata nafuu. Mgongo ulipouma alinunua vidonge vya diklofenaki dukani. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikuu vya ugonjwa huu duniani, na vidonge kama hivyo vikitumiwa ovyo huzidi kuziumiza figo.

Ugonjwa ukifika hatua ya tano, ambayo ni ya mwisho, njia za kurefusha maisha ni mbili: kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Kwa kawaida mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara.

Hapo ndipo penye kazi. Kutoka Kobero hadi Bujumbura, ambako mashine hizo zipo, ni zaidi ya kilomita 200, upitie Gitega au Ngozi. Kwenda na kurudi mara tatu ni zaidi ya kilomita 1,200 kila wiki, katika nchi ambayo miaka ya karibuni imesumbuliwa sana na uhaba wa petroli. Mgonjwa hulazimika kuhamia mjini, alipe kodi ya nyumba na kumlisha ndugu wa kumwangalia.

Upande wa Tanzania ipo Hospitali ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa adha ya kivuko, lakini halikuondoa gharama.

Nikauliza, kwa nini mashine moja isiletwe Muyinga? Jibu si jepesi. Kila anaposafishwa damu, mgonjwa mmoja hutumia lita 120 hivi za maji yaliyochujwa kitaalamu. Unahitajika umeme usiokatika, wauguzi waliofunzwa na vifaa vinavyoisha kila siku.

Kupandikiza nako kumesogea karibu. Muhimbili ilianza mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na King Faisal ya Kigali 2023. Hata hivyo lazima apatikane ndugu wa kutoa figo, na aliyepandikizwa hutumia dawa kila siku ili mwili usiikatae.

Kwa watu wa vijijini, basi, vita hii inapiganwa mapema. Kipimo cha presha, kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo, na kipimo cha kreatinini kwenye damu vinaweza kuufichua ugonjwa kabla figo hazijachoka. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya figo. Azimio hilo litakuwa na maana likifika kwenye kituo cha afya cha mpakani.

Nilipoaga, mzee alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe umepima presha lini?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi Kabanga nilipita zahanati kabla ya kutafuta chakula. Ilikuwa 150 kwa 95. Muuguzi akaniambia nirudi tena kesho, na nilirudi.