Klipu za Kamera ya Zamani: Zihamishe Kabla Kadi Haijafa

Familia nyingi zilizotoka Tseikuru, kule Kitui, zikaja Mombasa kutafuta riziki bado zina kamera ndogo ya dijitali ya miaka ya 2000, imefungiwa kabatini. Ndani yake mna kadi, na ndani ya kadi mna klipu: nyanya wakicheza kilumi, babu akitoa wosia, mbuzi wa ntheo wakipokelewa uani. Siku ukitaka kuzitazama kwenye kompyuta, zinagoma kufunguka, au sauti yatoka bila picha.

Kwa nini zigome? Kamera nyingi za wakati ule zilirekodi kwa muundo uitwao Motion JPEG, ndani ya faili za AVI au MOV. Kila fremu huhifadhiwa kama picha kamili, ndiyo maana dakika moja tu yaweza kula karibu megabaiti 100. Simu na kompyuta za leo zimezoea MP4 yenye H.264, muundo uliotolewa mwaka 2003, ambao huhifadhi zaidi yale yanayobadilika kati ya picha na picha. Kubadilisha jina la faili kutoka AVI kuwa MP4 hakusaidii kitu. Ni kubandika lebo mpya kwenye mzigo uleule.

Fanya hivi. Kwanza, ikiwa kadi ni ya SD, sukuma kile kiswichi kidogo cha ubavuni upande wa kufunga, ili pasifutike kitu. Ichomeke kwenye kisoma kadi, fungua folda ya DCIM, kisha nakili kila kitu kwenye kompyuta. Ikiwa kadi ni ya aina ya zamani kama xD na kisomaji chake hakipatikani, tumia waya wa kamera yenyewe.

Pili, jaribu kufungua klipu kwa VLC, programu ya bure. Ikicheza vizuri, na shida yako ilikuwa kutazama tu, kazi imekwisha.

Tatu, ukitaka kuituma kwa simu au kuihariri, tumia HandBrake, nayo ni ya bure. Fungua faili, chagua MP4, acha ukubwa wa picha kama ulivyo, kisha anza. Usilazimishe klipu ya 640 kwa 480 iwe ya HD. Utapata faili kubwa na picha ileile yenye ukungu.

Nne, ipe nakala jina linaloeleweka. MVI_0042 haimwambii mjukuu lolote. Andika tukio, mahali na mwaka. Usiiamini sana tarehe ya faili, kwani betri ya saa ya kamera ikifa tarehe nayo hupotea.

Sasa tahadhari iliyo kubwa kuliko zote: usiifute faili asili. Kwa Wakamba, ntheo ndiyo inayofunga ndoa ya kimila. Mume akifariki na ugomvi wa urithi ukazuka, swali la kama ntheo ilifanyika huweza kufika mahakamani, na mjane akatakiwa kuthibitisha. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hudai cheti kinachoeleza rekodi ya elektroniki ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Ukiwa na kadi yenyewe na faili isiyoguswa, maelezo hayo ni rahisi. Ukibaki na klipu iliyobanwa na kuzungushwa WhatsApp, mwenzako ana pa kukushika.

Kadi nazo hazidumu milele. Kumbukumbu zake hushikiliwa na chaji ndogo za umeme zinazovuja polepole miaka ikipita, na joto huziharakisha. Joto la Tseikuru na la Mombasa twalijua sote. Basi weka nakala mbili: moja kwenye diski ya nje, nyingine kwa jamaa anayeishi nyumba tofauti. Wazee waliomo humo wengi wametangulia, na hakuna atakayewarekodi tena.