Mlima mfupi kuliko Kolwezi, lakini unaua

Msomaji wa Kolwezi, pahali unapolala leo usiku ni juu kuliko mlima mrefu kupita yote ya Uingereza. Mlima ule unaitwa Ben Nevis. Uko Uskoti, nchi ambayo mu Kifaransa tunaiita Écosse, na urefu wake ni metre 1 345. Kolwezi yetu imepita metre 1 400. Mlima mwingine wa kule, Cairn Gorm, uko na metre 1 245, karibu sawa na udongo tunaokanyaga hapa Lubumbashi.

Basi juu ya nini watu wanakufa kule kila mwaka?

Si urefu njo unaua. Ni baridi, upepo na giza. Mwezi wa 12, jua la Uskoti linatoka karibu saa 3 ya asubuhi, na mbele ya saa 10 limekwisha kuzama. Mwanga wa siku nzima haufiki saa 7. Na upepo je? Tarehe 20 mwezi wa 3, 1986, mashine ya kupima upepo juu ya Cairn Gorm iliandika karibu kilometre 278 kwa saa. Mtu hawezi kusimama, anatambaa kama mtoto. Tena theluji ikipeperuka, chini ni nyeupe, juu ni nyeupe. Unaweza kuweka mguu mu hewa ukifikiri ni udongo.

Hata hivyo watu wanaenda, tena kwa kupenda. Ni walimu, mafundi, wanafunzi. Siku ya posho wanavaa viatu vyenye meno ya chuma chini, wanashika pioshi ndogo ya mkono, lampi ya kichwa, ramani na busola. Wengine wanalala mu nyumba za zamani za wachunga kondoo: hakuna ufunguo, hakuna malipo, unakuta paka kuta, paa na labda moto kama umebeba kuni. Wengine wanachimba.

Ndiyo, wanachimba. Hapa mchimbaji atawaelewa haraka kuliko mtu wa biro. Wanatafuta theluji nene iliyorundikana mu mtelemko, wanaingiza galeri ndogo, halafu wanatengeneza kitanda cha theluji juu kuliko mlango, kwa sababu baridi nzito inashuka chini. Upepo ulie namna gani inje, mule ndani baridi inabaki karibu digri 0. Lakini shimo liko na sheria. Lazima utoboe tundu la hewa na kuliangalia usiku kucha, maana theluji inaliziba. Wengi wanawasha mshumaa: moto ukianza kupungua, hewa imepungua. Na beleshi haibaki inje hata siku moja. Mlango ukizibwa, ile beleshi njo itakutoa.

Hewa, njia ya kutokea, chombo mkononi. Nani kati yetu hajui hesabu hiyo?

Sasa tueleze siku ambayo hesabu ilikataa. Tarehe 20 mwezi wa 11, 1971, vijana wa shule moja ya Edinburgh walipanda milima ya Cairngorm mu ekipi mbili. Walitaka kuvuka uwanda wa juu na kulala mu kibanda kidogo kilichoitwa Curran. Ekipi ya kwanza, yenye nguvu zaidi, ilifika. Ya pili ilikuwa na watoto 6, mwalimu wao wa milima na msichana mmoja aliyekuwa akijifunza kuongoza. Dhoruba iliwakuta njiani. Theluji ilikuwa nyingi, mwendo ukawa wa pole, giza likashuka. Kibanda hawakukifikia. Walilala inje usiku wa kwanza. Kesho yake walijaribu kutembea, wakashindwa, wakalala tena inje. Siku ya tatu helikopta iliona mwalimu akitambaa kutafuta msaada. Watoto 5 na yule msichana walikuwa wamekufa kwa baridi. Waliokoka mwalimu na kijana mmoja. Mpaka leo Uingereza haijaona ajali ya milima mbaya kuliko hiyo.

Nyuma ya kilio, mabishano yalikuwa makubwa: kibanda cha Curran kibaki ao kitoke? Wengine walisema kinaokoa watu. Wengine, na kati yao waokoaji wenyewe, walijibu: kibanda ambacho theluji inakifunika, nani atakiona mu dhoruba? Kinavuta watu kupanda wakati wangepaswa kushuka. Mwaka wa 1975 kilibomolewa.

Ile jibu ni ngumu kusikia, lakini tuifikiri vizuri. Kimbilio ambalo huwezi kulifikia ni sawa na hakuna kimbilio. Mbaya zaidi, linakupa moyo wa kuendelea. Leo waongozaji wa kule wanafundisha hivi: mbele ya kuondoka, pima njia ya kurudi, weka saa ya kugeuka, na saa ikifika ugeuke, hata kama kilele unakiona. Ukiacha mtu nyumbani anayejua unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, umefanya vema. Usiporudi, waokoaji watapanda usiku. Wengi wao ni watu wa bule, hawalipwi, wanaacha kazi na kitanda chao.

Mama mwenye kungojea bwana wake atoke posti ya usiku anajua yale masaa. Kule chini ya Cairn Gorm pia kuko mama anayeangalia dirisha. Haulizi kama mtoto wake alifika juu. Anauliza paka kitu kimoja: amegeuka?