Kura ya Delta Haina Chama

Wanaodai kuwa Tana River ni ngome ya chama fulani, nawaomba watazame matokeo ya mwaka 2022. Kaunti ile ile ilimrudisha Dhadho Godhana wa ODM katika ugavana, ikampeleka Danson Mungatana wa UDA katika Seneti. Kutoka Kau hadi Bura, naona kwamba kipimo cha mpiga kura si chama bali jamii: Mpokomo atalindiwa shamba na nani, Muorma na Mwardei malisho na nani? Mapigano ya mwaka 2012, yaliyoua watu zaidi ya 100, yalitangulia uchaguzi wa Machi 2013 kwa miezi michache tu. Kwa hiyo nasema: malka, njia za mifugo kufikia mto, zikubaliwe na wote kabla ya kampeni. La sivyo, sanduku la kura litaendelea kuamua ugomvi wa maji.