Kisu Kikosacho Kazi

Siku moja katika darasa letu hapa Niania tulimwita mvulana wa miaka 12 aje kuandika ubaoni. Aliposimama, kitu kilimponyoka mfukoni kikalia sakafuni. Kumbe, kilikuwa kisu cha kukunja, chenye mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Darasa lote likanyamaza. Msichana aliyeketi karibu naye akasogea hata ukingo wa dawati, akayakumbatia madaftari yake.

Hatukumkemea mvulana, maana macho yetu yalikuwa kwa yule msichana. Tulijua sababu ya hofu yake. Katika Ituri yetu wako wengi waliokwisha kuona panga na kisu vikifanya kazi isiyo yake. Wazee wanaukumbuka uasi wa mwaka 1964, ambapo Mwenye Heri Anuarite, binti wa Wamba, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba. Wazazi wanavikumbuka vita vya mwaka 1999 hata 2003. Na wengine wameyakimbia makwao hata katika miaka hii.

"Kisu hiki ni cha nani?" tukauliza.

"Ni cha babu, Mwalimu. Nakatia fito, tena namenyea miwa."

Tukakiweka juu ya meza, tukaendelea na somo. Lakini neno lile halikututoka moyoni. Je, imetupasa kuwakataza watoto wasiguse kisu kabisa, au kuwafundisha namna ya kuwa nacho? Nasi tunaouliza hivyo, mfukoni mwetu mna kisu kila siku: ndicho tuchongeacho kalamu za wanafunzi, tukatiacho kamba, tumenyeacho chungwa njiani.

Jioni yake babu wa mtoto alifika nyumbani kwetu. Hakuja kugomba. Alipokwisha kusalimu na kuketi, alifungua kitambaa, akapanga mezani visu viwili, akaomba kile cha mjukuu kiwekwe pamoja navyo. Kisha akasema, "Mwalimu, kisu kikosacho kazi hujitafutia kazi. Hivi vyangu vilikuwa na kazi tangu alfajiri hata jioni, havikupata nafasi ya kugombana na mtu."

Hapo akaanza kutusimulia habari za kila kimoja, nasi tukaandika.

Kisu cha kwanza kilikuwa kimepinda kama mundu, nacho kilitoka upande wa Isiro, kwa jamaa za mama yake. Visu vya namna hii vinajulikana sana katika habari za Wamangbetu, na wageni wa Ulaya waliviandika kwa jina la trumbash. Mwaka 1870 mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth, Mjerumani, alifika katika baraza la mfalme Mbunza wa Wamangbetu. Aliandika kwamba mfalme alishika mkononi kisu kilichopinda, kilichofuliwa kwa shaba nyekundu tupu. Shaba ni laini, haifai kwa vita. Kisu kile kilikuwa cha heshima tu, kuonyesha cheo cha mwenye kukishika na ufundi wa mhunzi wake. Basi tazameni: hata mfalme mwenye majeshi aliketi mbele ya mgeni na kisu kisichoweza kupigana.

Kisu cha pili kilikuwa cha ala, kifupi, kimeliwa na kinoo hata kimekuwa chembamba kama jani la muwa. Baba wa mzee yule alikuwa mhunzi. Alikifua kwa kipande cha springi ya lori, kwa makaa ya miti migumu na mivukuto ya mkono. Kazi ya wahunzi ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani. Wambuti, majirani zetu wa msituni, hawakuwa wakiyeyusha chuma wala kukifua. Walileta kijijini nyama na asali, wakapewa visu, vyuma vya mikuki na mishale, pamoja na ndizi. Hivyo kisu kiliwafanya watu wa kijiji na watu wa msitu wahitajiane. Ilipofika bidhaa ya chuma kutoka viwandani, kwa bei ndogo, mahitaji ya kazi ya mhunzi yalipungua. Mzee alisema kwamba katika watoto wa baba yake hakuna hata mmoja aliyejifunza kufua.

Kisu cha tatu ndicho kile cha mvulana. Katika mpini wake mmetiwa mwezi mchanga na nyota za madini. Mgongoni kina pete ndogo. Ukitaka kukikunja, huna budi kuivuta kwanza, bapa lipate kuachiwa. Ni kisu kiitwacho Okapi.

Hapa wengi watashangaa. Okapi, mnyama wa msitu wetu, alijulikana kwa wazee wetu tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901, baada ya Mwingereza Harry Johnston kupeleka vipande vya ngozi, kisha ngozi nzima na mafuvu. Mwaka 1902 nchini Ujerumani kikaanza kutengenezwa kisu cha kukunja chenye jina hilo, kiuzwe katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Tangu mwaka 1988 visu hivyo hutengenezwa Afrika Kusini. Yaani jina lilitoka huku kwetu, likavuka bahari, likaturudia limepigwa chapa juu ya chuma. Huko Afrika Kusini vijana wa mitaani walikitumia katika ugomvi hata kikapata sifa mbaya. Mikononi mwa mkulima kisu kilekile ni msaidizi mwema.

Si Afrika tu watu wapendapo kubeba kisu kidogo. Katika milima ya Savoie, nchini Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha mpini wa mti kwa ajili ya watu wa mashamba, na mpaka leo chauzwa. Nchini Uswisi, Karl Elsener alianza mwaka 1891 kuwapatia askari kisu cha kukunja. Nacho kilikuwa na bisibisi na cha kufungulia mikebe, kwa sababu askari alipaswa kufungua bunduki yake ili aisafishe, na mkebe wa chakula chake ili ale. Hata kisu cha askari, basi, kilitengenezwa kwa kazi.

Mzee alipoondoka, tulianza kuulizia visu vya zamani katika nyumba za jirani. Tulihuzunika. Katika nyumba moja kisu cha babu kilikuwa kimesukumwa chini ya mlango kuuzuia usifungwe na upepo. Katika nyingine kiliuzwa kwa mpita njia, wala hakuna aliyekumbuka jina lake. Lakini wageni walijua thamani yake mapema. Tangu mwaka 1909 hata 1915 Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walizunguka nchi hizi. Walifika hata Avakubi, jirani yetu katika mto Ituri. Walichukua vitu vya ufundi zaidi ya 3,000, na visu vingi vimo. Lang aliandika habari za vitu hivyo na kupiga picha nyingi. Kwa hiyo leo mtu wa New York aweza kusoma habari za kisu cha Mmangbetu, na mjukuu wa mhunzi hapa nyumbani asiweze kusema lolote.

Kwa sababu hiyo twawashauri wenye kukusanya visu waanze na daftari. Andikeni kisu kilifuliwa na nani, chuma kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, kiliitwaje kwa lugha ya nyumbani, na nani alikirithi. Msikisugue kwa mchanga mpaka king'ae. Alama za nyundo ndizo sahihi ya mhunzi. Futeni kutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Msinunue kwa mtu afichaye kilikotoka, wala msinunue chenye mpini wa pembe ya ndovu, kwani biashara ya pembe kati ya mataifa ilikatazwa mwaka 1989, na ndovu wetu wamekwisha kupungua vya kutosha.

Na kwa wenye kubeba kisu kila siku, haya ndiyo tuliyoyapata kwa mzee na kwa mazoea yetu wenyewe. Kinoe pande zote mbili sawasawa, juu ya kinoo kilicholowa maji. Kisu butu ndicho kikatacho mkono, kwa kuwa hulazimishwa kwa nguvu. Kata kwa kusukuma mbali na mwili wako. Ukimpa mwenzio, mpe kimekunjwa, au kwa upande wa mpini. Tia tone la mafuta katika kiungo chake. Penye kizuizi cha barabara, ukiulizwa, sema wazi kwamba unacho. Usikifungue kamwe penye maneno makali, wala penye pombe, wala kwa mchezo wa kutisha. Siku utakapokifungua ili mtu akuogope, siku hiyo umekiharibu, hata kama hakikumgusa mtu.

Darasani tulifanya hivi. Tuliweka kikapu karibu na mlango. Mwenye kisu hukiweka humo asubuhi, hukichukua kengele ya mwisho ikilia. Siku ya kazi za mikono visu hutoka, na watoto huchonga miiko na mipini ya majembe.

Wiki ya tatu yule msichana aliyeogopa alikuja mezani kwetu. Alitaka kuchonga mwiko kwa ajili ya mama yake. Mvulana akakikunja kisu cha babu yake, akamnyoshea. Msichana alikitazama kitambo, kisha akakipokea, akauliza pete huvutwaje. Mvulana akamwonyesha polepole, mara mbili.

Mwiko haukunyooka sana. Lakini mama yake autumia mpaka leo, wasema.