Kuoka, kuchoma na kupalia: Jiko la Krismasi ni darasa la vitenzi

"BABA, kwani keki tunaichoma saa ngapi?"

Swali hili niliulizwa na binti yangu wa miaka minane jikoni mwetu hapa Kisumu, Desemba iliyopita, siku chache kabla ya Krismasi. Mikono yake ilikuwa imejaa unga hadi kwenye viwiko. Nami, kwa pupa ya mwalimu aliyesahau kwamba shule zimefungwa, nikamkatiza: "Keki haichomwi. Keki huokwa. Sema: tutaoka keki." Akaniangalia, akanyamaza. Alipofungua kinywa tena alizungumza Kiingereza, na kwa karibu nusu saa hakurejea kwenye Kiswahili. Kakake wa miaka mitano, ambaye humfuata dadake kwa kila jambo, naye akaingia Kiingereza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nilichokifanya. Kila tarehe 7 Julai sisi wapenzi wa lugha huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tukatoa hotuba kuhusu hadhi ya lugha hii. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 imeitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini mtoto haipati lugha kwenye hotuba wala kwenye ibara. Huipata pale mikono yake inapofanya kazi na mtu mzima aliye kando yake anapoitaja kazi hiyo. Katika makala haya ninanuia kuchambua vitenzi kadhaa vya jikoni na vya mapambo ya sikukuu, na kuonyesha kwamba hata lile sahihisho langu lilikuwa na walakini.

Tuanze na kitenzi kilicholeta ugomvi. Choma kina maana zaidi ya moja. Kwanza, ni kupenyeza kitu chenye ncha: mwiba humchoma mtu, daktari humchoma mgonjwa sindano. Pili, ni kuteketeza au kuunguza kwa moto, kama tunavyochoma takataka. Tatu, ni kupika juu ya makaa. Hii ya tatu ndiyo iliyotupa nyama choma na yale mahindi yanayouzwa kando ya barabara kule Kondele jioni. Oka, kwa upande wake, katika matumizi ya leo humaanisha kupika kwa joto linalokizunguka chakula pande zote, hasa ndani ya tanuri. Kaanga ni kupika kwa mafuta. Banika ni kukishikiza kitu, samaki kwa mfano, kwenye kijiti na kukisogeza karibu na moto.

Hadi hapo mwalimu ana haki. Hata hivyo, nilipofungua kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka wa 1939, nilikuta kwamba oka kilipewa maana pana: kupika kwa moto mkavu, pasipo maji wala mafuta, iwe ni mkate au nyama. Mpaka kati ya kuoka na kuchoma, ambao mimi niliutetea kana kwamba uliwekwa na Mungu, umekuwa ukisogea. Binti yangu alifanya kile ambacho wazungumzaji wamefanya siku zote. Alichukua kitenzi alichokijua, cha kupika bila maji wala mafuta, akakipanua hadi kwenye keki. Hoja halali dhidi ya kuchoma keki ni utata. Mtu akikuambia "nimechoma keki", hujui umpongeze au umpe pole.

Basi tukiwa katika hali hiyo ya kununiana, stima ikapotea. (Neno hili stima, ambalo kwetu Kenya ni umeme, wazee wa mji huu wa bandari walilitumia pia kwa meli za moshi zilizokuwa zikitia nanga hapa Kisumu.) Oveni ikazimika, na mchanganyiko wetu ulikuwa tayari: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, siagi robo kilo, mayai manne na vijiko viwili vidogo vya beking pauda. Mchanganyiko wa namna hiyo haungoji. Beking pauda ikishalowa huanza kutoa hewa, na hewa hiyo ikitoroka kabla ya joto kuikamata, keki hubaki bapa.

Tukabeba bakuli hadi kwa jirani yetu, mama mmoja mzee ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mombasa. Reli ilifika hapa kutoka Pwani mwaka wa 1901, na tangu hapo Kiswahili cha Mombasa hakijawahi kukosa mwenyeji Kisumu.

"Shikamoo mama," nikamwamkua.

"Marahaba mwanangu. Mbona mwaja na bakuli kama waomba sadaka?"

Tulipomweleza alicheka, akateleka sufuria kubwa juu ya jiko la makaa. Akatandaza mchanga mkavu chini, akauacha upate moto, ndipo akaweka kopo letu la keki juu ya mchanga na kufunika. Kisha akamkabidhi binti yangu koleo. "Haya mjukuu wangu, palia."

Binti yangu akaduwaa. "Kupalilia? Kama mahindi ya dani?" Dani ni nyanya kwa Kidholuo, na huyo dani wetu yuko Seme, ambako watoto hawa hushikishwa jembe kila likizo.

Bibi akamwonyesha. Kupalia ni kuchota makaa ya moto na kuyapanga juu ya kifuniko ili chakula kipate joto la juu na la chini. Wapishi wa Pwani huupalia wali ukishakaukiwa maji, na ndivyo mkate wa kumimina unavyopata ile rangi ya kahawia juu. Ni kuoka bila tanuri. Siri yake, alisema Bibi, ni kuweka makaa mengi juu na machache chini, kwa maana joto hupanda. Mchanga nao husambaza moto wa chini usije ukaunguza sehemu moja.

Nakiri kwamba palia kwa maana hiyo nilikuwa nimekisoma kamusini, ila sikuwahi kukitamka. Nilikuwa nacho kama mtu aliye na koti la mvua asilowahi kulivaa. Binti yangu alikitamka mara kumi kabla ya keki kuiva. "Bibi, nipalie tena? Hapa nimepalia sawa?" Kiswahili kilikuwa kimerudi, na hakuna aliyekiita.

Vitenzi vya aina hii ni vingi, na wengi wetu tumewanyima watoto wetu pasi na kujua. Chombo huteleka (au huinjika) jikoni, na huepua kikishaiva. Unga huchungwa au huchekechwa ili kuondoa chenga. Kitenzi chunga kilimfurahisha sana kijana wangu, kwa kuwa kwa dani huchungwa ng'ombe. "Tuuchunge unga usitoroke," alisema. Unga wa chapati hukandwa, hukatwa vinyunya, kisha husukumwa. Na tuseme kweli, katika nyumba nyingi za huku kwetu chapati ndiyo keki ya Krismasi. Wa mahamri hutiwa hamira ukaachwa uumuke. Vyote hivi ni vitenzi ambavyo mtoto anaweza kuvitenda kabla ya kuvisema, na hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuvijua.

Wapo watakaoniuliza: je, maneno keki, oveni na beking pauda si ya Kiingereza? Ni kweli. Lakini tutazame meza nzima. Sukari, hamira na tanuri yalitoka Kiarabu. Sufuria vilevile, kutokana na neno la shaba. Chapati imetoka Bara Hindi. Mkate wa mofa umepata jina lake kwa lile jiko la udongo unamookwa, na mofa lenyewe ni mgeni aliyepewa uraia. Dani, akiwa Seme, huita mkate makati, neno ambalo Kidholuo kilikopa kutoka Kiswahili, ilhali unga ameuachia jina lake la asili, mogo. Lugha hukopa nomino pamoja na kitu chenyewe kinapoingia nyumbani. Kilicho muhimu ni kwamba vitenzi vyetu viendelee kuvifanyia kazi vitu hivyo. Mtoto anayesema "tumechunga unga, tukapalia keki, sasa tunaiepua" anasema Kiswahili, hata kama keki ilitoka ng'ambo. Anayesema "tume-sift, sasa tuna-bake" amebaki na viambishi tu.

Keki ikiwa jikoni, tulirejea kwenye mapambo. Tulikuwa na tawi la saipresi lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mawe. Watoto walitaka theluji. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na mwezi wa Desemba jua hutuchoma (kwa maana ya pili ya kitenzi hicho), lakini theluji ya kadi za Krismasi haijui jiografia. Tukachambua pamba na kuitandaza kwenye matawi. Hapo kijana wangu akauliza swali ambalo mwanaisimu yeyote angelifurahia: "Baba, inaitwa pamba kwa sababu tunapamba nayo?"

La. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti na kuachana kwa asili. Pamba la nomino huhusishwa na Kiajemi, na lilifika pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Pamba la kitenzi, lenye maana ya kurembesha, ndilo lililotuzalia mapambo, mpambaji na pambo. Maneno ya aina hii huitwa homonimu. Nilimjibu kwamba hapana, ila kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu langu. Safari hii niliuona uso wake ukinawiri.

Kisha tukatengeneza kadi. Ziwa letu lina malighafi ambayo maduka hayana. Mafunjo, ambayo Wajaluo huita togo, huota kwenye kinamasi cha Dunga na husukwa mikeka. Magugumaji nayo, yaliyoanza kulisumbua ziwa katika miaka ya 1990, yamewapa mafundi wa Kisumu nyuzi za kusukia vikapu na karatasi za kadi. Sisi tulitumia mabua ya mafunjo yaliyokauka. Tuliyapasua, tukayapanga kwa umbo la nyota, tukayabandika kwa gundi. Watoto walikunja karatasi na kukata kwa mkasi. Mkasi ni mkopo mwingine wa Kiarabu, ambao kwa kuwa ulianza na m-, ulipokewa katika ngeli ya U-I na kupewa wingi wake, mikasi.

Katika kazi hiyo ya mikono sarufi ilijitokeza bila ubao. Binti yangu alikosea mahali pa kuweka nyota. "Ibandue," nikamwambia, "uibandike hapa juu." Kadi ilipokunjwa upande usiofaa: "Ikunjue." Kopo la gundi likafunikwa, likafunuliwa. Hii ndiyo kauli ya kutendua, ambapo kiambishi -u- hugeuza tendo lirudi nyuma: bandika na bandua, kunja na kunjua, funika na funua. Wanafunzi wangu watu wazima huikariri kauli hii kwa jedwali na kuisahau baada ya mtihani.

Na keki? Tuliporudi kwa Bibi, tulikuta upande mmoja umeiva vizuri na wa pili umekuwa mweusi, kwa sababu kijana wangu alikuwa amerundika makaa yote mahali pamoja. Binti yangu aliitazama, akanitazama mimi, akasema polepole: "Baba, huku tumeoka. Huku ndiyo tumechoma."

Tulicheka hadi Bibi akakaa chini. Tofauti niliyojaribu kuifundisha kwa amri asubuhi, yeye aliigundua mwenyewe kwa kisu na ulimi. Tulikwangua lile jeusi, tukaipaka keki siagi iliyopigwa na sukari, na ikaliwa yote.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, sisemi kwamba tusiwasahihishe watoto. Ninachosema ni kwamba mtoto anapokosea neno akiwa kazini, mpe neno sahihi ndani ya kazi yenyewe. Akisema "unga umefura", mjibu "naam, umeumuka kweli", nanyi mwendelee kukanda. Wala kufura si kosa kubwa, maana ni kuvimba tu, na unga huvimba. Ukimkatiza ili uonyeshe kwamba unajua, atakuachia Kiswahili chako na kutafuta lugha isiyo na mlinzi mlangoni.

Mapema Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, tawi la saipresi lilikuwa limekauka na pamba yake imejaa vumbi. Binti yangu alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Baba, mti tutaupambua lini?"

Hakuna aliyekuwa amemfundisha neno hilo. Alikuwa amelijenga mwenyewe kutokana na bandua na kunjua. Nilienda chumbani kimya kimya nikafungua kamusi. Pambua: kuondoa mapambo. Limo. Nikarudi, nikamwambia tu, "Leo jioni," nasi tukaupambua.