Kwa Nini Ndege Ndogo Hazitui Usiku Katika Viwanja vya Hifadhini

Abiria wanaosafiri kwa ndege ndogo kutoka Serengeti, Ruaha au Nyerere hutakiwa kuondoka kabla ya jua kuzama. Wapo wanaodhani kuwa huo ni utaratibu wa kiofisi tu. Sababu yake ya msingi ni usalama.

Viwanja vingi vya hifadhini ni vya changarawe au udongo, havina taa wala uzio. Swala, pundamilia na nyumbu hupenda kukaa katika maeneo ya wazi yenye nyasi fupi, kwani humwona adui akiwa mbali. Kiboko hushinda majini mchana na hutoka usiku kutafuta malisho. Kwa hiyo, giza linapoingia, njia ya kurukia ndege hugeuka kuwa makazi ya wanyama.

Ndege ya injini moja aina ya Cessna Caravan hukaribia kutua kwa mwendo wa takriban kilomita 145 kwa saa, sawa na mita 40 kila sekunde. Rubani akimwona nyumbu mita 200 mbele yake, ana sekunde tano tu za kuamua. Mchana humwona mnyama angali angani, akaahirisha kutua hadi njia isafishwe. Usiku, taa za ndege humulika eneo dogo, na mnyama aliyemulikwa aghalabu husimama akiduwaa. Nyumbu dume huweza kuzidi kilo 200. Kumgonga kunaweza kuvunja gurudumu au pangaboi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi mtu anapougua. Taarifa ikitolewa saa nane mchana, ndege inaweza kupata muda wa kufika na kuondoka. Ikitolewa saa kumi na mbili jioni, mara nyingi hubaki njia mbili: kumsafirisha mgonjwa kwa gari hadi kiwanja chenye taa, au kusubiri alfajiri. Ni muhimu, basi, kutoa taarifa mapema.

Wananchi wanaoishi jirani na viwanja vya aina hii wanakumbushwa kutochunga mifugo kwenye njia ya kurukia na kutotupa mizoga au mabaki ya chakula karibu nayo, kwani huvutia fisi na tai. Aidha, wahudumu wa kiwanja wanapaswa kuikagua njia yote kabla ya ndege kutua, hata mchana.