Kioo cha Sebuleni Kapsoya

Wageni wajao mtaa wetu wa Kapsoya, hapa Eldoret, kutoka Nairobi, na siku hizi hata watoto wetu waliokwisha kusoma wakapata kazi huko, hukiona kioo kilichotundikwa sebuleni mwa wazee wao wakacheka, wakisema kwamba watu wa Eldoret wanajipenda mno hata hawawezi kunywa chai pasipo kujitazama. Na wako wengine, nao si haba, waliosikia mahubirini kwamba kioo ni mlango wa mashetani, na wakiingia nyumba za watu hutaka kiondolewe ndipo wakubali kuketi. Maneno haya yameniudhi muda mrefu, kwa kuwa wayasemao hawakuuliza, na lau wangaliuliza wangaliambiwa kwamba kioo kile hakikutundikwa kwa ajili ya uso wa mwenye nyumba hata kidogo.

Nyumba zetu za zamani, hapa na kwa jirani zetu wa Munyaka, sebule zake ni nyembamba, dirisha ni moja, nalo aghalabu linatazama ukuta wa mtu mwingine. Tena mji huu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na katika miezi ya mvua mawingu hushuka, baridi ikazidi, milango ikafungwa mapema, nyumba ikawa giza na jua bado halijatua. Kwa hiyo kioo hutundikwa katika ukuta unaokabili dirisha, ili nuru ile kidogo iingiayo irudishwe ndani. Hutundikwa juu kuliko kichwa cha mtu aliyeketi, kwa kamba na msumari mmoja, kikainamishwa mbele kidogo, hata aliyeketi chini yake asipate kujiona. Kinachoonekana mle ni mlango. Mama amiminaye chai akiwa ameupa mlango kisogo humwona mgeni angali kizingitini, akamkaribisha kwa jina lake kabla ya hodi ya pili, na heshima hiyo ya kupokewa kwa jina ndiyo iliyotafutwa.

Cha mama yangu kilikuwa na fremu ya mbao iliyopakwa vanishi, na juu yake kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, ncha yake ikining'inia mbele kwa upana wa kiganja. Upande wa kuume palikuwa na kibuyu cha maziwa ya mursik alichopewa na jirani wa Kinandi, kimevishwa shanga shingoni, na upande wa kushoto kalenda. Pembeni chini kilikuwa na madoa meusi, kwani tangu Justus von Liebig, mwanakemia wa Kijerumani, alipobuni mwaka 1835 namna ya kupaka kioo fedha mgongoni, adui wa vioo amekuwa unyevu upenyao kwa nyuma ukaila fedha ile, na unyevu kwetu hauna uhaba. Mama hakukitupa. Kila Ijumaa alikifuta kwa gazeti na maji ya siki, madoa akayaacha mahali pake, na mtu aliyemshauri anunue kipya alijibiwa kwamba hicho kimekwisha kuwajua watu wa nyumba hii.

Na hao wasemao kwamba huu ni ushamba, nawakumbusha kwamba sisi si wa kwanza. Ufinyu wa vyumba nao si wetu peke yetu: katika majumba ya mawe ya Lamu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, hauzidi sana mita 3, na chumba cha ndani kilipata nuru kutoka uani tu, kikapambwa kwa zidaka za chokaa zenye kupangwa sahani za Kichina. Naye Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, katika kitabu chake kilichochapwa Berlin mwaka 1886, ameeleza jinsi kuta za vyumba vya kwao zilivyojaa mashubaka yenye vyombo vya bilauri na kauri, na baina yake vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya, vikafika hadi darini. Akafafanua kwamba picha za viumbe hazikupendwa katika nyumba za Kiislamu, ila saa zilipendwa sana. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, bidhaa za bandarini Mombasa zikapanda nayo hata huku nyanda za juu. Wenye nyumba finyu walipopata kioo, walikitundika ukutani kama walivyofanya watu wa pwani, nami sioni aibu yake iko wapi.

 

Mawingu ya alasiri yanapopanda na ngurumo kuanza, mtoto hutumwa mbio akifunike kioo kwa shuka, radi isije ikaingia. Walimu wametufundisha kwamba radi haivutwi na kioo, nao wamesema kweli, sina hoja nao. Ila shuka ile ilikuwa ndiyo ishara ya watoto kukusanyika ndani, mbali na madirisha na miti, redio ikazimwa, wakaketi wametulia hadi mvua ipite, na katika nchi hii ya magharibi ya Kenya, ambako radi huua watu na ng'ombe, utulivu huo haukuwa upuuzi.

Lakini msiba ndio ulionifanya nishike kalamu. Mtu akifariki, kioo hugeuzwa kikatazama ukuta, au kikafunikwa kwa leso, kikakaa hivyo mpaka mazishi yaishe. Na afanyaye kazi hiyo si mfiwa, ni jirani wa kwanza kufika, awe Mluhya, Mkikuyu, Mkalenjin au Mwislamu wa asili ya pwani, kwa maana Kapsoya tumekaa mchanganyiko na desturi hii tumeishiriki bila kuulizana ilitoka kwa nani. Wako wanaosema ni kuogopa roho ya marehemu. Mimi niliyoyasikia kwa wazee wangu ni kwamba mfiwa asilazimishwe kuuona uso wake ulivyovimba, wala mliaji asishughulike na kilemba chake mbele ya huzuni ya mwenziwe. Wayahudi nao hufunika vioo katika siku 7 za maombolezo, na hakuna awachekaye kwa hilo.

Sasa nyumba mpya zinajengwa, dari za jipsamu, na ukuta mzima nyuma ya televisheni unabandikwa vioo kwa gundi, au stika zing'aazo za plastiki, vikatazama viti ana kwa ana. Nilihudhuria msiba katika nyumba ya namna hiyo. Wanawake watatu walisimama juu ya meza wakijaribu kubandika leso kwa karatasi za gundi, nazo zikaanguka moja baada ya moja, hata wakachoka wakashuka. Na mjane akaketishwa kuuelekea ukuta ule usiku kucha, kila aliyekuja kumpa mkono akimwona mara mbili, kijana mmoja akatoa simu akapiga picha ya waliaji kiooni. Mwenye nyumba ni mtu mwema, hakukusudia ubaya wowote. Aliyemjengea hakumwambia, na yeye hakuwa na mzee wa kumwuliza.

Basi nawasihi wajengao Kapsoya, na mafundi wa vioo walioko mjini: kioo kiwe kikubwa mpendavyo, chenye fremu ya dhahabu mkitaka, lakini kitundikwe kwa msumari na kamba imara, ukuta wa kukabili dirisha, na kiwe chepesi kiasi cha jirani wawili kuweza kukigeuza.